Maharage Yasiyotiwa Chumvi

4 Februari

Katibu, mdogo wangu,

Nianze na salamu au nianze na shida? Najua utasema, "Anza na shida, salamu zako nazijua." Haya basi.

Kampuni imepeleka maombi kwenye Baraza la Mbegu. Wanataka wapewe haki miliki ya maharage mapya wanayodai wameyavumbua. Wameyapa jina la herufi mbili na tarakimu tatu, na picha wameambatanisha. Picha hiyo imepita mezani kwangu hapa maabara na nimeitazama mpaka macho yameniuma. Mekundu ya kukolea, mgongo mpana, na mstari mweupe umezunguka tumbo kama mkanda. Mdogo wangu, ni mshipi! Ni maharage yetu ya mshipi, ambayo Shangazi anayaweka kwenye debe la majivu tangu mimi na wewe hatujazaliwa. Wakipewa haki hiyo, mtu akimgawia jirani konzi moja ya mbegu bila kibali chao anakuwa mwizi. Shangazi wetu, kwa ukarimu ule, atakuwa mwizi mkuu.

Sheria inaruhusu wakulima kuweka pingamizi. Yatapandwa ya kwao na ya kwenu, mstari kwa mstari, kwenye bustani ya maabara mpaka yatoe maua, na tarehe 10 Julai Baraza litakaa na kuamua. Mbegu lazima itoke mikononi mwa walioitunza, na fomu isainiwe na katibu wa kikundi, yaani wewe. Mwisho wa kupanda ni tarehe 30 Aprili. Nahitaji kopo moja tu.

Najua kikundi chako hakipendi karatasi. Na sijui kama wewe bado unanipenda mimi, maana tangu mambo ya mwaka jana unanijibu kwa neno mojamoja. Ulisema simu zina masikio, ndiyo maana nimeandika barua.

Halafu niambie, Shangazi bado anachagua majivu ya kuni au siku hizi anachukua yoyote? Nimekuwa nikijiuliza.

Dada yako


17 Februari

Dada wa Mezani,

Naandika hapa karakana, juu ya meza ya kuchomelea, kwa hiyo ukiona karatasi ina matundu usidhani ni machozi. Ni cheche. Wiki hii natengeneza geti la shule. Unajua mimi ni fundi wa mageti, na mtu anayetengeneza mageti anajua kitu kimoja ambacho nyinyi wa ofisini mnasahau: mkubwa akitaka kutoka na geti halifunguki, ndipo anapokusikia.

Umeniuliza habari ya pingamizi. Mimi nakuuliza, meza ni ya nani? Viti ni vya nani? Ukila kwenye meza ya mtu, utakula anachopakua. Sisi huku tumekaa kikao tukakubaliana. Mbegu zinagawanywa nyumba kwa nyumba, kimyakimya, na haziandikwi popote. Siku Kampuni ikija na hati yao, wakute kila nyumba ina mshipi. Watamkamata nani? Watatukamata sote? Magereza hayo wayajenge kwanza, na mageti yake watakuja kuagiza kwangu!

Na hiyo orodha ya mbegu za asili ambayo maabara yenu inataka tujiandikishe ni sawa na kumwandikia mwizi karatasi ukamwambia dhahabu iko chini ya godoro. Kitu kisichoandikwa hakiibwi, Dada.

Hata hivyo damu nzito kuliko maji. Nimekutumia kopo, na fomu nimesaini. Panda. Tutaona.

Shangazi anasema majivu ni ya kuni ngumu tu, na ukimuuliza tena atajua umesahau kila kitu.

Katibu


6 Machi

Mdogo wangu,

Kopo limefika! Nilishangaa ulivyosaini upesi. Mtu aliyebisha kurasa mbili, kisha fomu akaijaza bila kosa hata moja? Nikasema labda umekua.

Nimeanza kama tunavyoanza siku zote hapa. Mbegu ishirini, juu ya karatasi yenye unyevu, ndani ya trei, kwenye kabati la joto. Maharage mazima huanza kutoa mzizi siku ya tatu, siku ya nne yamechelewa sana. Leo ni siku ya sita. Hakuna hata moja.

Sasa nina hamu ya kujua, nami ukinijua vizuri unajua hamu yangu haiishi. Zilikuwa zimekaa wapi kabla ya kusafiri? Je, juani? Karibu na moto? Ngozi ina mikunjo ambayo sijawahi kuiona kwenye mshipi, na zilivimba kwa pupa usiku wa kwanza, kisha zikaanza kulegea na kunuka. Mwenzangu hapa maabara amepita, akanusa, akaniuliza kama nimesahau chakula changu ndani ya kabati.

Usijali. Nimeweka nyingine ishirini leo. Niandikie chochote unachokumbuka, hata kama unakiona cha kipuuzi.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Mimi nitajuaje? Mtaalamu ni wewe. Labda ni maji yenu, si mnayatia dawa? Labda kabati lenu lina joto la kigeni. Au mbegu zimeona mahali zilipopelekwa zikagoma. Zingekuwa mbegu zenye akili kuliko watu fulani.

Zilikaa kwenye debe, kama kawaida. Sikumbuki zaidi. Karakana ina kazi nyingi.

Ila nataka kuuliza. Zikikataa kuota kabisa, nini kinatokea? Nauliza tu.

Katibu


24 Machi

Binti wa kaka yangu,

Sijakuandikia kwa sababu hujaniandikia. Lakini mkubwa ndiye jalala, kwa hiyo nimeanza mimi.

Mimi mzima. Goti la kushoto linasumbua, la kulia linamsaidia mwenzake. Kilichonifanya nishike kalamu ni mdogo wako. Huyu mtoto ana nini? Mwezi uliopita aliniomba konzi sita za mshipi, kaomba vizuri, mlangoni, nikampa. Jioni napita karakana kwake namkuta amebandika sufuria. Maharage yametokota kidogo tu, akayaepua. Hayajaiva! Hajatia chumvi, hajatia hata kipande cha kitunguu. Kisha akayaanika juu ya bati kama soksi. Nikamwambia, "Wewe una wazimu? Nani atakula maharage hayo?" Akasema ndivyo mnavyopika huko mjini na wewe ndiye uliyemfundisha.

Kama ni kweli, basi nakuhurumia. Kama si kweli, mwambie aoe.

Siku hizi hacheki. Anagonga vyuma kutwa nzima kama ana ugomvi navyo. Nyinyi wawili mna jambo, nami silijui, na kutojua kunaniudhi kuliko goti.

Shangazi


2 Aprili

Mdogo wangu,

Uliuliza nini kitatokea zikikataa kabisa. Ni swali zuri na ninakujibu kama mtu anayemheshimu aliyeuliza.

Ikifika tarehe 30 Aprili bila mbegu hai ya kwetu kupandwa kwenye bustani, fomu uliyosaini itapigwa muhuri. Muhuri wenyewe nimeuona, uko kwenye droo ya karani, una maneno mawili tu: HAIPO TENA. Maana yake mbegu hii wakulima waliwahi kuwa nayo na imekufa. Na mbegu iliyokufa haina wa kuitetea. Maombi ya Kampuni yatapita bila mtu kunyanyua mkono.

Juzi mtu wao alikuja kukagua mstari wao. Ni mpole, ana viatu visafi, alikunja vizuri pindo za suruali asizichafue. Maharage yao yameota yote. Alitazama mstari wetu ambao ni udongo mtupu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Ya kwenu bado?" Nikamwambia bado. Akasema, "Pole." Nadhani alimaanisha, na hilo ndilo lililoniuma.

Nimeshapanda mara nne. Mbegu themanini. Bado nina hamu ya kujua, Katibu. Nina hamu sana. Ukikumbuka kitu, niandikie.

Dada yako


11 Aprili

Dada,

Nilizichemsha.

Nimeandika barua hii mara tatu na kila mara neno hilo nililiweka mwisho. Sasa nimelitanguliza ili nisiweze kurudi nyuma. Nilizichemsha, nikazianika, nikakutumia maiti. Kikundi kiliamua mbegu hai isitoke. Lakini hakuna aliyesema tukudanganye, hilo nililitunga mwenyewe. Nilidhani zikishindwa kuota utakata tamaa na meza yako, urudi upande wetu. Sikujua habari ya muhuri. Naapa sikujua.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, acha nimalize. Mwaka jana, siku tuliyofunga geti la Baraza. Tulikuwa watu mia mbili. Walituletea gari la maji, wakatumwagia mpaka kina mama wakaanguka. Mimi nilishika nondo za geti nisisombwe, nikainua macho. Ghorofa ya pili, dirisha la katikati, nikakuona. Umesimama na wakubwa wa Kampuni, na mkononi una kikombe cha chai.

Hukushuka. Hukufungua hata dirisha. Nilirudi nyumbani na nguo mbichi na tangu siku hiyo kila nikisikia neno "mazungumzo" naona kile kikombe. Nilikuchukia, Dada. Siku nilipowasha lile jiko nilikuwa nachemsha chuki hiyo, na sasa nimemuua mshipi kwa mkono wangu na Kampuni itafurahi kuliko wote.

Nifanye nini? Niambie nifanye nini.

Mdogo wako


17 Aprili

Mdogo wangu,

Nilijua. Nilijua tangu siku ya nne. Miaka kumi na moja nafanya kazi ya kuotesha mbegu za watu, nisitambue iliyopikwa? Kisha Shangazi akaniandikia analalamika umepika bila chumvi, nikacheka peke yangu maabara mpaka nikalia.

Utauliza kwa nini niliendelea kupanda mbegu zilizochemshwa mara nne. Nilitaka kujua utanyamaza mpaka lini. Ni ukatili, nakubali. Na nilitaka uniambie wewe, kwa mdomo wako, maana ningekushika ningekuwa nimeshinda mabishano na kukupoteza wewe.

Sasa na mimi niseme langu. Siku ukija, pita kwenye ngazi za nyuma za maabara, utakuta ndoo mbili. Ndani yake kuna mshipi, mbichi, una maua. Naupanda upya kila mwaka tangu nilipoondoka nyumbani. Asubuhi ile Shangazi alipokwenda kuchota maji, nilifungua debe nikajaza mfuko wa sweta. Sikuomba. Kanuni yake unaijua: mbegu huombwa mlangoni na hurudishwa mara mbili. Sikuomba na sikurudisha. Ningeweza kupeleka ndoo zile kwa Baraza Februari, nisikusumbue. Kila nilipochukua fomu nafika pale panapoandikwa "imetolewa kwa hiari na walioitunza," mkono unakataa. Ningekuwa nimefanya walichofanya Kampuni, tofauti ni sweta tu.

Kuhusu kikombe. Ni kweli. Nilikuwa nimekishika, na chai iliganda juu kwa sababu sikuweza kumeza. Siku ile maabara ilinituma kikaoni, na tulikuwa tunajadili kifungu kinachowaruhusu wakulima kuweka pingamizi. Kampuni walitaka kifutwe. Saa tano walifunga mafaili, wakasema wana safari, kikao kimekwisha. Wakashuka. Geti halikufunguka. Wakarudi juu, wakakaa, na kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, nikafungua tena ukurasa ule nikaanza upya. Saa nane mwenyekiti wa Baraza, kwa njaa na kwa aibu ya kelele zenu, alikisaini. Kifungu hichohicho.

Wangesaini bila geti? Wangesaini bila mimi kuwa na ukurasa tayari? Nimejiuliza mwaka mzima na sijui. Kukuambia niliona haya, kwa sababu wewe ulilowa na mimi nilikuwa mkavu.

Hujamuua mshipi. Debe liko. Zimebaki siku kumi na tatu. Uliza kikundi, na usiwafiche kitu, hata la sufuria.

Dada yako, mwizi wa kwanza


24 Aprili

Dada,

Barua hii anakuletea Shangazi mwenyewe. Tulimzuia, akatuuliza kama goti ni letu.

Tulikaa kutwa nzima. Niliwaambia yote, na la sufuria nilianza nalo. Walinicheka kwanza, kisha wakanikemea, kisha wakagombana wenyewe kwa wenyewe. Mzee wa mashine ya kusaga akasema ukiingia ofisini kwao umeshawakubali. Mwalimu wa chekechea akasema usipoingia wataandika kwamba hukuja. Mwenye duka la mbolea akasema tuchome bustani yao, akaambiwa akae chini. Mwisho tumekubaliana nusu. Pingamizi, ndiyo. Orodha yenu ya mbegu, bado tunabishana. Usituandike mahali popote mpaka tuseme.

Kila nyumba imetoa kiganja chake, kila kimoja kimefungwa kitambaa. Nyumba arobaini na tatu. Hakuna iliyochemshwa, nimelala nazo kichwani.

Tarehe 10 Julai tutakuja. Sisi tutakaa getini, wewe ingia. Ila safari hii, Dada, chai yao usiishike.

Mdogo wako


5 Mei

Mdogo wangu,

Zimeota! Zilipandwa tarehe 27, siku tatu kabla ya muhuri, na Kampuni nao wamepanda upya siku hiyohiyo ili mistari ilingane. Kwenye trei ya majaribio, kumi na tisa kati ya ishirini, siku ya nne asubuhi. Ile ya ishirini bado naitazama, nataka kujua ina shida gani.

Shangazi alifika, akaweka mzigo, hata maji hakunywa. Akaniambia, "Nionyeshe ndoo zangu." Kumbe alijua! Miaka kumi na moja! Anasema kamba ya debe aliifunga fundo moja akaikuta na mafundo mawili, na mtu pekee nyumbani mwenye woga wa kufunga mara mbili ni mimi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilikuwa nangojea unirudishie mara mbili. Ningesema, ungerudisha kwa kuona haya. Nilitaka urudishe kwa kukumbuka."

Ameketi kwenye ngazi za nyuma akisubiri maganda ya kwanza ya ndoo zangu yakauke. Amekataa kuondoka kabla ya kupata viganja viwili. Wenzangu wa maabara wameanza kumletea kiti.

Dada yako


10 Julai, ndani ya ukumbi, nyuma ya ratiba ya kikao

Mdogo wangu,

Anayekuletea karatasi hii ni mlinzi wa ngazi. Mjibu haraka, anaogopa.

Mnasikika mpaka huku. Nipo dirisha la katikati, mikono mitupu, inua macho unione.

Asubuhi wametupeleka bustanini. Mistari miwili imechanua, maua mamoja, majani mamoja. Mwenyekiti alimwomba yule mpole wa Kampuni aonyeshe mstari wao. Alikwenda akarudi, akainama, akatafuta kibao, na vibao nilivitoa jana kwa ruhusa ya Baraza. Akaonyesha wetu. Ni maharage ya nyumba arobaini na tatu, naye akasema, "Haya ndiyo tuliyovumbua."

Maombi yao yamekataliwa. Umesoma vizuri. Yamekataliwa.

Lakini sasa mwenyekiti ameshika kalamu ananiuliza, "Basi mbegu hii tuiandike kwa jina la nani?" Kampuni wamekaa, Baraza wamekaa, wote wananitazama. Ingekuwa Februari, ningejaza mwenyewe na kuwaletea nakala. Nimewaomba dakika kumi nikaulize kwa wenyewe. Mnasemaje?

Dada yako


Jibu, upande wa pili wa karatasi hiyohiyo

Dada,

Nimekuona.

Nimewasomea kwa sauti. Wamepiga kelele za furaha, kisha wameanza kugombana upya. Mzee wa mashine anasema isiandikwe. Mwalimu anasema iandikwe kwa majina yote arobaini na matatu. Shangazi anasema kwanza Kampuni waulizwe kama waliomba mlangoni. Dakika kumi hazitoshi, hata kutwa haitoshi.

Geti tumelifunga. Waambie wasubiri. Na chai, wanywe wao.

Mdogo wako